Diski Iliyobeba Muthokoi

Siku ya kwanza Lavender alimwaga diski zake juu ya gunia, akatuambia kila mtu achague moja, ile roho yake inataka. Walioitwa walikuwa wawili: Mueni, anayeuza mboga pale sokoni Muthetheni, na Nthambi, aliyekuwa akishona nguo kwenye viwanda vya EPZ Athi River mpaka mkataba wake ulipoisha. Mimi sikuitwa. Kazi yangu ilikuwa kufyeka nyasi za shamba tulipokuwa, na nilikuwa nimesimama kando na panga langu, nikingoja waondoke nimalizie. Ndipo Lavender akaniangalia.

"Na wewe Mutindi, kuja uchague. Panga haliendi popote."

Maneno hayo nimeyashukuru mara nyingi, hata akiwa hayuko karibu.

Diski ni kitu cha mviringo cha plastiki, kama kifuniko cha ndoo chenye mdomo uliokunjwa kwenda chini. Unairusha kutoka mahali palipowekwa alama mpaka iingie kwenye kikapu cha chuma chenye minyororo inayoning'inia. Anayefika kikapuni kwa mirusho michache ndiye anayeshinda. Vikapu vyetu alivichomelea fundi Kimeu kwa ringi za baiskeli na minyororo ya kufungia ng'ombe. Uwanja nao ni ule upande wa shamba la Mzee Wachira ambao michungwa ilikataa kumea kwa sababu ya mawe. Mzee alimwachia Lavender autumie, akisema mawe yakizaa watu wanaocheka, ni afadhali kuliko yakae bure.

Lavender mwenyewe aliujua mchezo huu Syokimau, alipokuwa akifanya kazi karibu na uwanja wa kanisa ambapo wageni fulani walikuwa wakicheza kila jioni. Walipohama walimwachia mkoba mzima wa diski.

Basi tulichagua jinsi tunavyochagua kila kitu. Sokoni ukitaka tikiti unalipima kwa kiganja. Ukitaka sufuria unaiinua uone kama ni nene ama itatoboka kabla ya Krismasi. Jembe vile vile. Kitu kizito ndicho kitu. Kwa hiyo sote watatu tulizipima zile diski mkononi, moja baada ya nyingine, na sote tukaishia kwenye zile nzito, ngumu, zenye mdomo mpana unaong'aa.

"Hii imeshiba," Nthambi alisema, akiirusha yake juu kidogo na kuidaka. "Hizo zingine zina njaa."

Tukarusha. Zote zilitoka mkononi kwa kelele, zikaenda hatua chache, zikageuka kushoto na kujibamiza kwenye mkonge. Tukazifuata, tukachomwa na miiba, tukarudi, tukarusha tena. Kushoto tena. Lavender alikaa juu ya jiwe akila chungwa, akatuacha mpaka jasho lilipotutoka.

"Sasa mko tayari kusikia?" aliuliza.

"Tuambie tu, kocha," Mueni alisema. "Mkonge umenimaliza."

Lavender aliinua diski ya Nthambi. "Hii iko na mambo matatu. Ni nzito. Mdomo wake ni mpana, tena umechongoka. Na plastiki yake ni ngumu, haibadiliki. Yote matatu yanataka mkono wenye kasi. Mtu mwenye kasi akiirusha, inaenda kama swara. Nyinyi mkiirusha, inatoka mkononi ikiwa tayari imechoka. Na diski ikichoka, kwa mtu wa mkono wa kulia, inalalia kushoto. Zote ziko hivyo."

"Kwa hivyo hatuna nguvu?" Mueni aliuliza. "Mimi nalima ekari mbili kwa jembe."

"Nguvu mko nayo. Nazungumzia kasi, na vile mkono unaizungusha. Hiyo inakuja pole pole. Kwa sasa chukueni nyepesi."

"Nyepesi ni ya watoto," Nthambi alisema.

"Basi wewe baki na ya wazee. Utakuwa unaisalimia kwenye mkonge."

Mueni alichukua nyepesi yenye rangi ya manjano. Nthambi alikataa katakata, akabaki na yake. Mimi nilikuwa bado nimeshika nzito, nikiogopa kuirudisha nisije nikaonekana nasumbua. Lavender alifungua mfuko wa pembeni wa mkoba wake, akatoa diski ya rangi ya maziwa, iliyochakaa kidogo ukingoni.

"Shika hii. Ni nyepesi, mdomo wake ni mnene, na plastiki ni laini. Unasikia vile inashikika? Hata mkono ukiwa na jasho haitelezi. Hii ndiyo ya kwanza niliyowahi kurusha, kwa hivyo usiipoteze."

Nilitaka kumwambia asinipe kitu kama hicho. Badala yake niliitikia kwa kichwa tu, na yeye akakubali huko kuitikia kama jibu kamili.

Tangu hapo kila Jumamosi nilifyeka asubuhi na mapema, kisha nikacheza na wenzangu. Siku za katikati ya juma nilirusha peke yangu, wakati hakuna anayeangalia. Niligundua kwamba mkono wangu, ambao sikuwa nimeufikiria kabisa, ulikuwa na akili yake. Ile diski nyepesi ilikwenda mbele. Mwisho wa safari ililalia kushoto kwa upole, kama mtu anayekaa chini, si kama mtu anayeanguka.

Nyumbani sikusema chochote. Mwaitu, mama yangu, alikuwa ameniuliza Jumamosi naenda wapi nikichelewa hivyo.

"Kwa Lavender."

"Mnafanya nini?"

"Tunasaidiana."

Aliniangalia, akaendelea kuchambua maharagwe. Sikuwa nikimficha kwa ubaya. Nilitoka shule nikiwa darasa la sita, na tangu hapo nimekuwa mtu wa mbuzi, maji na panga. Sikujua ningeanzaje kumweleza mama yangu kwamba mtoto wake mzima anarusha plastiki kwenye minyororo ya ng'ombe na kwamba jambo hilo linamfanya alale vizuri. Diski niliilaza chini ya mto.

Kisha Lavender akatuletea habari. Kulikuwa na mashindano ya wanawake yanakuja Athi River. Yeye mwenyewe angecheza, na angeweza kuongeza wawili.

"Huko kuna bwawa la kuvuka," alisema. "Diski ikizama, imezama. Sitaki kumpeleka mtu akaaibike mbele ya watu. Jumamosi ijayo kila mtu atarusha mara tatu kwenye korongo letu. Atakayevuka, naenda naye."

Korongo liko mbele ya kikapu cha saba. Si pana sana kwa macho. Mbuzi hulizunguka bila kulalamika. Lakini ukisimama ukingoni na diski mkononi, upande ule wa pili unaonekana kama uko kwa watu wengine.

Mueni alikuwa amelivuka mara kadhaa. Nthambi alilivuka mara moja, siku ambayo alikuwa na hasira. Mimi sikuwa nimelivuka hata mara moja.

Nilitaka kwenda. Nasema hivi wazi kwa sababu sikuwahi kusema wakati ule. Tangu nitoke shuleni sikuwa nimechaguliwa kwa jambo lolote, wala sikuwa nimekataliwa. Hakuna aliyekuwa akinipima. Sasa kulikuwa na korongo, na korongo halikujali kama najua kuongea mbele za watu.

Juma hilo nilirusha kila siku. Diski ya rangi ya maziwa ilikwenda moja kwa moja, ikafika karibu na ukingo wa pili, kisha ikashuka kana kwamba imekumbuka jambo nyumbani. Nilizunguka korongo, nikaiokota mchangani, nikapanda, nikarusha tena. Alhamisi Lavender alinikuta hapo. Aliniangalia mara mbili hivi, kisha akaichukua diski na kuiweka usawa wa macho yangu.

"Angalia mgongo wake."

Nikaangalia.

"Unaona nini?"

"Hauko," nikasema.

"Ndio. Iko tambarare kama chapati. Diski yenye mgongo, hewa inaishika kutoka chini na inaelea. Hii inapita tu kwenye hewa, na kasi ikiisha inashuka. Kwa mirusho mifupi ni tamu sana. Kwa korongo…" Akanirudishia. "Lakini mkono wako unaijua. Ningekuwa na nyingine nyepesi yenye mgongo ningekupa. Mueni ndiye ako nayo."

"Hii inatosha," nilisema.

"Haya."

Alijua haitoshi. Mimi pia nilijua.

Jumamosi niliamka kukiwa na umande, nikaenda kufyeka njia ya kikapu cha saba. Diski niliiacha nyumbani kwa sababu sikutaka kuilaza kwenye nyasi zenye maji. Nilipanga nikimaliza nirudi kuichukua, ninywe chai, nibadilishe gauni. Lavender, Mueni na Nthambi walifika mapema kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nafuta panga ili niende, ndipo nikamwona Mwaitu akishuka njia ya shamba.

Alikuwa amejifunga kile kitambaa chake cha kwenda kanisani. Kyondo kilikuwa mgongoni, kamba yake imepita kwenye paji la uso, na alitembea kwa uangalifu kama mtu aliyebeba mayai. Mwaitu hatoki nyumbani amevaa hivyo siku ya Jumamosi. Nilifikiri kuna mtu amekufa.

"Hamjambo nyote," alisema. "Ni nani hapa anaitwa Lavender?"

"Ni mimi, mama. Karibu."

"Mimi ni mama ya huyu." Alinionyesha kwa kidevu. "Huyu mtoto haongei. Nyumbani ukimwuliza kitu anakujibu na macho. Lakini tangu aanze kuja kwako, nasikia anaimba akikamua mbuzi. Mbuzi zenyewe zimeshangaa. Sijui mnamfanyia nini, na yeye hasemi. Nimekuja kusema ni muvea. Asante sana."

Lavender alifungua mdomo, lakini Mwaitu hakuwa amemaliza. Alishusha kyondo kwenye nyasi, akatoa kitu kilichofungwa kwa leso, akaanza kufungua fundo.

"Na sahani yako niliikuta kwa kitanda chake. Nikasema, kumbe mtoto wa watu anamlisha wangu, na vyombo vinakaa kwangu. Haya ni mambo gani? Nikaiosha vizuri na jivu. Lakini singeweza kuileta ikiwa tupu. Ungefikiria sisi ni watu gani?"

Leso ilifunguka. Juu kulikuwa na sahani yetu ya bati ya wageni, imewekwa kama kifuniko. Chini yake ilikuwa diski ya rangi ya maziwa, imegeuzwa tumbo juu, na ndani yake muthokoi na maharagwe, imejaa mpaka kwenye mdomo, ikitoa mvuke. Mahindi yale yaliyotwangwa yakatoka maganda huhifadhi moto kuliko chakula chochote ninachokijua. Alikuwa ameyapakua yakichemka, akayafunika, akayafunga, akayabeba njia yote kutoka nyumbani.

Nthambi alitoa sauti puani. Mueni akamkanyaga mguu.

Mimi nilikuwa nikimwangalia Lavender. Yeye alikuwa akiangalia diski, na niliona alichoona. Katikati yake, chini ya ule uzito na ule moto, plastiki ilikuwa imelegea na kushuka kama hema lililojaa maji ya mvua. Diski ya kwanza aliyowahi kurusha. Uso wake ulisimama kwa muda mfupi tu. Kama hukuwa ukimtazama kwa woga kama mimi, usingeona.

Kisha akakaa chini kwenye nyasi, akanyoosha miguu.

"Mama, kijiko uko nacho?"

"Niko nazo nne," Mwaitu alisema.

"Basi kaeni, nyinyi. Mnataka ipoe?"

Alikula wa kwanza. Alikula kwenye diski ile ile, bila kuihamishia kwenye sahani ya bati, akichota kutoka ukingoni kama mtu aliye nyumbani kwao. "Muthokoi kama hii sijakula tangu shosho, nyanya yangu, atuache," alisema. "Mama yangu anaitwanga haraka haraka, inabaki na maganda. Uliweka nini?"

"Chumvi tu. Na mafuta ya mbuzi kidogo."

"Ni hayo mafuta."

Mwaitu alicheka, na mabega yake yakashuka. Nimewahi kuona watu wakipewa zawadi kubwa wakazipokea vibaya. Sijawahi kuona mtu akipokea hasara vizuri hivyo. Tukala sote, na kwa muda nikafikiri jambo hilo lingepita bila Mwaitu kujua.

Lakini Nthambi alikuwa ameshiba, na Nthambi akishiba mdomo wake hupata nguvu.

"Sasa Mutindi leo atarusha nini? Mwiko?"

"Kurusha?" Mwaitu aliuliza.

Mwaitu alituangalia mmoja mmoja. Kisha akaangalia kikapu cha minyororo, halafu mkoba wa Lavender uliokuwa wazi, na zile diski zingine zimepangwa ndani kwa rangi zake. Mkono wake ulirudi polepole kutoka kwenye chakula.

"Si sahani," alisema.

"Mama, hakuna shida yoyote," Lavender alianza, "hii ni…"

"Si sahani, Mwaitu," nikasema.

Walinigeukia wote. Nilisikia masikio yangu yakipata moto. Lakini Mwaitu alikuwa amekaa pale na kitambaa chake cha kanisa, na aibu ilikuwa imeanza kumpanda usoni mbele ya watu wageni, na aibu hiyo ilitokana na kunyamaza kwangu. Singeweza kumwachia Lavender kazi hiyo pia.

"Ni ya kucheza. Unairusha mpaka kwenye kile kikapu. Si kila diski inaenda sawa, ndiyo maana ziko nyingi. Ukipepeta mbaazi kwenye ungo, upepo unachukua nini?"

"Maganda."

"Na mbaazi?"

"Zinabaki."

"Hivyo hivyo. Nzito inavumilia upepo. Ikiwa upepo unakujia usoni, unatafuta nzito, maana nyepesi itapinduliwa. Lakini nzito inataka mkono wa kasi, na mimi sina. Siku imetulia kama leo, nachukua nyepesi, hewa inisaidie kuibeba. Halafu umbo. Yenye mdomo mpana uliochongoka ni kama kisu, inapasua hewa, lakini usipoipa kasi inaanguka. Yenye mdomo mnene inaenda pole, inakusikiza. Na yenye mgongo inaelea. Na plastiki…"

"Plastiki imefanya nini?"

"Ziko ngumu na ziko laini. Ngumu inakaa vile ilivyo miaka mingi. Hii ni laini, ndiyo maana inashikika vizuri mkononi. Lakini ikipata moto…"

"Inalegea," Mwaitu alimalizia. "Kama ile karai iliyokaa karibu na jiko." Alifunika mdomo kwa mkono. "Nimeiharibu. Na ni ya mtu."

"Haijaharibika. Imebadilika."

Sikujua kama nilikuwa nasema kweli ama namtuliza. Nthambi alikuwa akicheza na kijiko chake. Baadaye aliniambia hakuwa amejua sauti yangu ni nzito hivyo.

Tulimaliza muthokoi, maana haikuwa ya kutupwa. Lavender aliipeleka diski kwenye mfereji wa tangi la Mzee Wachira, akaiosha mafuta, akaiacha chini ya maji baridi mpaka ikarudi kuwa imara. Aliporudi aliigeuza upande wake wa kurushia. Lile tumbo lililokuwa limelemewa na chakula sasa lilikuwa juu. Diski ya chapati ilikuwa imeota mgongo.

Aliiweka usawa wa macho, akaizungusha. "Mgongo umeinuka vizuri, kila upande. Na mdomo umeinama kidogo." Akanipa. "Mutindi, hii si ile niliyokupa. Mimi mwenyewe sijui itafanya nini. Kwa mkoba kuna zingine, chukua yoyote."

Kwa mkoba kulikuwa na nzito na nzito kidogo. Niliishika hii. Ilikuwa bado nyepesi. Ilikuwa bado laini, na vidole vyangu vilikaa mahali pake bila kutafuta. Kilichokuwa kimekosekana korongoni juma zima kilikuwa mgongo, na sasa mgongo ulikuwapo.

"Nitarusha hii."

"Athi River sijui kama wataikubali ikiwa hivi," Lavender alisema. "Lakini korongo halina sheria."

Mueni alianza. Mrusho wake wa kwanza ulianguka mchangani, wa pili ukavuka na kutua karibu na kikapu kabisa. Alipiga makofi mara moja, kwa heshima, akakaa. Nthambi akasimama na diski yake ya wazee. Ya kwanza ilienda kwa kelele mpaka nikadhani imevuka, kisha ikalalia kushoto na kuanguka ndani. Ya pili vile vile. Ya tatu aliirusha kwa nguvu zote alizoleta kutoka Athi River, na ilianguka karibu zaidi kuliko zile mbili.

"Imechoka kabla yangu," aliniambia. "Endelea, Mama Muthokoi."

Nikasimama kwenye alama. Mwaitu alikuwa amesimama nyuma yangu kidogo, leso mkononi. Nilirusha jinsi mkono wangu ulivyozoea.

Diski ilitoka, ikapanda, na ikakaa juu. Sijui niseme vipi. Ilikaa juu mahali ambapo siku zote ilikuwa ikianza kushuka. Lakini badala ya kwenda mbele ilianza kugeukia kulia, ikazidi kugeuka, ikalifuata korongo kwa ubavu na kutua upande wetu, mbali kule karibu na ua.

Mwaitu ndiye aliyeenda kuiokota. Alienda kabla sijainua mguu, akarudi akiifuta vumbi kwa leso.

"Imeenda kulia," alisema. "Uliishika vibaya ama ndivyo ilivyo?"

"Ndivyo ilivyo. Ule mdomo umeinama, na kasi inaigeuza kulia."

Alifikiri kidogo. "Ng'ombe wa baba yako, yule mwekundu, alikuwa akivuta kulia hivyo. Tulikuwa tunamwanzishia kushoto."

Nilimwangalia Lavender. Alikuwa akitabasamu huku ameinamisha kichwa, akimwachia Mwaitu kazi ya kocha.

Nikarudi kwenye alama. Nikainamisha ubavu wa kushoto wa diski chini kidogo, nikauelekeza mkono kushoto mwa kikapu. Nikavuta pumzi. Nikarusha.

Ilitoka imeinama kushoto. Katikati ya korongo ikajinyoosha, ikawa sawa kabisa, kama ungo juu ya kichwa cha mtu anayejua kutembea. Ikaelea. Niliona kivuli chake kikishuka kwenye mchanga, kikapita chini, kikapanda ukingo wa pili. Mwishoni kabisa ililalia kushoto kidogo na kukaa kwenye nyasi nilizokuwa nimezifyeka asubuhi.

Kisha Mueni akanishika bega.

"Ni mimi na wewe," alisema.

"Mimi nasema hii ni hongo," Nthambi alisema. "Jumamosi ijayo mama yangu analeta ngima na matumbo, na kocha ataniweka mbele." Lakini alikuwa wa kwanza kulizunguka korongo kwenda kuniletea diski, akiimba wimbo wa harusi njia nzima, na maneno yake ameyabadilisha yawe ya maharagwe.

Lavender alimwendea Mwaitu.

"Mama, nilikuwa nataka kukuomba Mutindi siku moja. Twende naye Athi River."

"Kurusha?"

"Kurusha."

"Na mtakula wapi?"

"Nitawapikia mimi. Lakini sitakufikia."

Mwaitu alinigeukia. "Wewe unataka?"

Siku nyingine ningemjibu kwa macho. "Nataka sana," nikasema.

"Basi aende," Mwaitu alimwambia Lavender. Aliangalia ile diski mikononi mwa Nthambi aliyekuwa akirudi. "Na hiyo, hata kama imevuka, nimekupotezea yako. Hilo nalijua. Nisamehe."

"Mama," Lavender alisema, "ile yangu haikuwa inavuka."

Tulitembea na Mwaitu hadi mahali njia inapoanza kupanda. Nilibeba kyondo, kikiwa na sahani ya bati, vijiko na leso ndani. Nilikuwa nimemshukuru Lavender kwa Kikamba pale uwanjani, mbele ya wote, na aliniitikia kama mtu aliyezoea kunisikia nikiongea. Sasa ilikuwa zamu ya mama yangu. Nilijaribu kwa lugha yetu, lakini kwa Mwaitu maneno hayo yalikuwa karibu mno na moyo. Basi nikasema kwa Kiswahili, kile cha shuleni, ambacho hatukitumii kabisa tukiwa wawili.

"Asante, mama, kwa kuja."

Alinitazama kando, akashangaa kidogo na lugha hiyo.

"Hakuna neno," alinijibu, kwa Kiswahili pia. "Jumapili nionyeshe vile inashikwa."